Unapima mkono au unapima kusoma? Mwongozo kamili wa kuwaandaa walimu kumsomesha mtoto mwenye ulemavu wa viungo

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, nilimkuta mtoto wa miaka 11 akirudia darasa la kwanza kwa mara ya tatu. Ana mtindio wa ubongo. Mikono imekakamaa, maneno hayatoki. Kwenye kumbukumbu zake za maendeleo yalikuwa yameandikwa maneno mawili, mwaka hadi mwaka: "Hawezi KKK", yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nilikaa naye kwenye kivuli cha mbuyu nje ya darasa, nikaandika silabi 4 kwenye vipande vya manila, nikavitandaza mbalimbali mbele yake. Nikamwambia, "Nioneshe ku kwa macho." Akaitazama ku. Nikabadilisha vipande, nikaomba ndi. Akaitazama ndi. Tulipofika silabi ya kumi, mwalimu wake aliyekuwa amesimama nyuma yetu na chaki mkononi aliketi pale pale vumbini, hakusema kitu. Miaka yote ile mtoto alikuwa akisikiliza na kutazama ubao, na kusoma kulikuwa kumeshamwingia. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa njia ambayo angeweza kujibu.

Mwalimu yule si mvivu wala hana roho mbaya. Ana darasa lililofurika, na katika semina zote alizopitia alielezwa kwamba elimu jumuishi ni haki, jambo ambalo ni kweli na limo kwenye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hakuoneshwa hata mara moja afanye nini Jumatatu asubuhi. Mwongozo huu ni kwa yeyote atakayemwonesha: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, mwalimu wa elimu maalumu, au mwezeshaji wa shirika. Nimeupanga kwa siku 3 za mafunzo na wiki 10 za kufuatilia.

Kupanga: watu, mahali na msimu

Chukua shule 4 za kata moja. Kila shule ilete walimu 2 wa madarasa ya chini na mwalimu mkuu wake, jumla watu 12. Walimu wawe wawili kwa sababu ya uhamisho. Ukimfundisha mmoja, akipangiwa Kondoa mwezi ujao, kila kitu kimeondoka naye. Mwalimu mkuu ni lazima awepo, maana ndiye mwenye uamuzi wa vyumba na fedha za uendeshaji. Kulihamisha darasa la kwanza kutoka chumba chenye ngazi kwenda chumba cha usawa wa ardhi hakugharimu senti, lakini mwalimu wa darasa hawezi kuamua peke yake.

Afisa elimu maalumu wa halmashauri ajue tangu mwanzo. Kama shule zenu tayari zina vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ingiza ufuatiliaji humo humo. Walimu hawahitaji kikao kingine juu ya vikao walivyonavyo.

Mafunzo yafanyike shuleni, si kwenye ukumbi wa mjini wenye viti vya kuzunguka. Dawati lile la mbao, kizingiti cha mlango na choo chenye tundu ndivyo vya kujifunzia. Na angalia msimu. Mvua yetu ya Dodoma huja mara moja, Desemba hadi Aprili, na makorongo yakijaa mtoto wa kiti mwendo haji shuleni. Utafundisha juu ya watoto ambao hawapo. Mei hadi Oktoba njia ni kavu, ingawa mchanga nao una shida zake kwa magurudumu membamba.

Kabla ya siku ya kwanza: nenda nyumbani

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu mimi ndiyo inayobeba mafunzo yote. Tembelea angalau watoto 3 watakaokuwa kwenye mafunzo. Usiende na fomu ndefu. Kaa na mama au bibi, uliza mambo machache, uyaandike:

- Anafikaje shuleni, na nani humsukuma au kumbeba?
- Mkono upi una nguvu zaidi? Anaweza kushika kijiko?
- Nyumbani mnaongea Kigogo, Kirangi au Kiswahili?
- Ameshapimwa macho na masikio? Ana kifafa?
- Akitaka maji, mama, anakuambiaje?

Swali la mwisho ndilo ufunguo. Mama mmoja wa Bahi alinijibu bila hata kufikiri: "Anaangalia mtungi, halafu ananiangalia mimi." Hiyo ni lugha kamili. Mtoto anachagua kitu, anamwita mtu, anahakikisha ameeleweka. Familia nyingi zina ishara ya "ndiyo" ambayo shule haijui kwamba ipo: kuinua macho, kutoa ulimi kidogo, kutabasamu upande mmoja. Ichukue ishara hiyo uende nayo kwenye mafunzo, usimpe mtoto nyingine mpya.

Suala la macho na masikio usilipuuze. Mtindio wa ubongo mara nyingi huja na tatizo la kuona au kusikia, na mtoto asiyeona herufi ndogo hudhaniwa haelewi.

Siku ya kwanza asubuhi: walimu waandike

Weka pembeni tafsiri ya ulemavu na historia ya elimu jumuishi. Waketishe walimu juu ya meza ndefu, miguu ikining'inia, karatasi ikiwa mapajani, kalamu mkono wasioutumia. Wasomee imla ya sentensi 5 kwa kasi ya kawaida ya darasani. Baada ya dakika 3 kusanya.

Kisha wafanye tena, mkono ule ule, lakini sasa miguu iko juu ya tofali, karatasi imebandikwa mezani kwa selotepu, penseli imezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na unasoma polepole. Bandika karatasi zote mbili ukutani, jozi kwa jozi.

Zoezi hili lisiishie kwenye kumhurumia mtoto. Ukisikia mtu anasema "masikini, wanapata tabu", mrudishe kwenye karatasi: kati ya ya kwanza na ya pili kilibadilika nini? Mkono haukubadilika. Kilichobadilika ni tofali, selotepu, unene wa penseli na muda. Halafu uliza swali ambalo utalirudia siku zote 3: kwenye karatasi ya kwanza, kama ningekupa alama, ningekuwa nimepima mkono wako au ujuzi wako wa maneno?

Baada ya hapo ndipo uzungumze juu ya hali zenyewe, kwa saa moja tu. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo. Unaathiri misuli, na hauoneshi kiwango cha akili. Misuli hukakamaa zaidi mtoto akishtuliwa au akiharakishwa, hivyo "haraka, wenzako wamemaliza" inamfunga mkono kabisa. Mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga vizuri kabla ya kuzaliwa, anaweza asihisi makalio wala miguu. Asaidiwe kujiinua au kugeuka kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili asipate kidonda, na aruhusiwe kwenda kujisaidia kwa ratiba yake bila kuulizwa mbele ya darasa. Kama aliwekewa mpira wa kupunguza maji kichwani, kuumwa kichwa pamoja na kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekatwa mkono au mwenye miguu iliyopooza kwa polio kwa kawaida anahitaji mabadiliko machache tu darasani.

Atakuwepo atakayetaja laana au kulogwa. Msikilize, mweleze chanzo kwa upole, endelea. Usimwaibishe, kwa sababu wazazi wengi nao wamebeba mzigo huo na watamuuliza yeye.

Siku ya kwanza mchana: kukaa

Mtoto anayetumia nguvu zake zote asianguke hana nguvu iliyobaki ya kusoma. Wafundishe walimu kukagua kutoka chini kwenda juu. Nyayo zote mbili ziguse kitu kigumu. Magoti na nyonga vikunje kama pembe ya daftari. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti. Meza iwe usawa wa kiwiko, au juu kidogo kama mtoto ana shida kuinua mikono. Kichwa kiwe katikati, maana kikilala upande mmoja macho hayafuati mstari.

Vifaa vyake ni matofali, kanga iliyokunjwa kuziba pengo la kiunoni, na kipande cha kitenge cha kumfunga kwenye nyonga, kisikaze tumbo. Meza yenye mkato wa nusu duara inayomkumbatia mtoto kifuani fundi seremala yeyote wa kijijini anaitengeneza kwa siku moja ukimpa kipimo. Kama mbao ni ghali, gundisha maboksi tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, yaanike yakauke kabisa, kisha upake rangi. Jua la Dodoma linafanya kazi hiyo vizuri kuliko mahali pengi. Boksi lililokauka sawasawa linabeba uzito wa mtoto, na likilowa ndipo huharibika, kwa hiyo lisiachwe nje usiku wa mvua.

Wape walimu wawili wawili mtoto mmoja, tofali na kanga, na dakika 20. Mmoja amweke sawa, mwenzake achore alivyokaa kabla na baada. Mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya mkoa akipatikana kwa mchana huo, mwombe aje. Kuna mtoto ambaye nyonga yake haikunjiki na haitakiwi kulazimishwa, na mwalimu anapaswa kujua pa kuishia. Akilia kwa maumivu, acha.

Siku ya pili asubuhi: mkono na kalamu

Tandaza mezani vitu vya bei ya chini, walimu watengeneze wenyewe: kandambili kuukuu iliyokatwa kipande na kutobolewa ili penseli ipite, gunzi la mahindi lililochimbwa katikati, tyubu, vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, faili gumu lililoinuliwa upande mmoja liwe mteremko wa kuandikia. Gunzi ndilo watoto wengi walilipenda kuliko vingine, kwa sababu linajaa kiganjani kwa yule asiyeweza kukunja vidole viwili peke yake.

Kuna watoto ambao hata na gunzi hawataandika. Hapo hamia kwenye vizibo vya soda. Andika silabi moja juu ya kila kizibo, mtoto avisukume kwa ngumi, kwa kiwiko au kwa mguu hadi vifanye neno. Ni kuandika kabisa, amechagua silabi na kuipanga. Mwalimu anayeng'ang'ania kwamba kuandika ni mpaka wino uguse karatasi, mrudishe kwenye zile karatasi za ukutani.

Mkoa wetu una mfano wa karibu. Shule ya wasioona ya Buigiri imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1950, na hakuna anayesema mtoto anayesoma nukta nundu kwa vidole hasomi. Huyu wa kwetu hata herufi hazibadiliki, ni zile zile za ubaoni. Inabadilika njia ya kuzifikia.

Siku ya pili mchana: mtoto asiyeongea

Hapa tenga muda mrefu kuliko mahali pengine popote, angalau saa 4, kwa sababu ndipo walimu wanapokata tamaa na ndipo lugha yetu inapotusaidia kupita kiasi.

Anza na ubao wa macho. Kata boksi gumu libaki fremu kama ya dirisha, ubandike nailoni angavu ya kufunikia madaftari. Kwenye pembe 4 weka kadi za silabi, zikitazama upande wa mtoto, na nyuma ya kila kadi andika silabi hiyo hiyo ili nawe uione. Shika fremu kati ya uso wako na wake, kiasi cha urefu wa mkono. Sema silabi. Ngoja. Hesabu kimya hadi 10. Macho ya mtoto mwenye mtindio mara nyingi huchelewa, hupita kwanza pembeni kisha yanarudi, na mwalimu asiyengoja huchukua jibu la kwanza lisilo lake. Macho yakitulia pembe moja, itaje: "Unatazama ta." Naye athibitishe kwa ishara yake ya ndiyo.

Kadi zikiwa 4, mtoto anayebahatisha atapata 2 au 3 katika maswali 10. Akipata 8, amesoma. Badilisha nafasi za kadi kila swali, maana wengine wana upande wanaoupenda.

Halafu chati ya silabi. Kiswahili kina irabu 5 tu, na karibu silabi zetu zote huishia kwa irabu. Kila mstari una vyumba 5: ba be bi bo bu, da de di do du, na kuendelea. Mtoto hahitaji kutafuta herufi moja moja, anachagua mstari, kisha chumba. Mwalimu anapitisha kidole taratibu akiuliza:

"Mstari wa ba?" Kimya. "Wa da?" Kimya. "Wa ka?" Macho yanapanda. "Ka? Ke? Ki? Ko? Ku?" Macho yanapanda.

Tayari ana ku. Arudie, awe ameandika kuku. Neno zima limehitaji uchaguzi wa aina mbili tu, na hajagusa kalamu. Ile m inayosimama peke yake, kama kwenye mti na mtoto, iweke kwenye mstari wa irabu. Mba, nda, nga, cha na sha zikae kwenye karatasi ya pili hadi aizoee ya kwanza. Mistari inayotumika sana iwe juu, ili asichoke kungoja.

Walimu wafanye zoezi hili wawili wawili, mmoja akiwa amefumba mdomo na mikono nyuma, akitaka kumwandikia mwenzake neno ambalo mwenzake halijui. Sharti moja: anayeuliza haruhusiwi kukisia neno. Kumalizia neno la mtoto kabla hajalimaliza ni kosa linalofanywa kwa upendo, na linamnyima nafasi ya kusema jambo tusilolitarajia.

Siku ya tatu: andalio la somo, kisha mtoto mwenyewe

Asubuhi kila mwalimu alete andalio lake halisi la wiki ijayo. Kazi ni kutafuta kitenzi kinachodai mkono au mdomo bila sababu. "Mwanafunzi aandike silabi 5" inakuwa "aoneshe au atengeneze silabi 5". "Asome kwa sauti" inakuwa "asome, kisha achague picha inayolingana na sentensi". Darasa zima linaweza kufanya hivyo hivyo. Andalio la pili lisiandikwe, maana mwalimu mwenye watoto wengi hataliandika na hatupaswi kumdai.

Kwa mtoto wa nyumba ya Kigogo, picha na maneno ya mwanzo yawe ya vitu anavyoviona: mbuzi, mtama, uwele, zabibu, kibuyu. Asichanganyikiwe na lugha ngeni halafu tukasema ni ulemavu.

Baada ya mapumziko, dakika 30 na mtoto. Mzazi awe ameridhia na awepo. Mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, watazamaji wasizidi 2, hakuna kupiga picha. Anapochoka, basi. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ambako mtoto aliwekwa mbele ya watu 40 kama zana ya kufundishia, na hadi leo naukumbuka uso wa mama yake.

Jioni zungumzieni mitihani. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mwalimu mkuu ahakikishe mahitaji ya mtoto yameandikwa mapema wakati wa usajili, na upimaji wa kila mwezi shuleni nao utumie muda wa ziada, ili mtoto asikutane nao mara ya kwanza siku ya mtihani.

Wiki 10 za kufuatilia

Tembelea wiki ya 2, ya 5 na ya 10. Ziara ya wiki ya 2 ndiyo ya kuokoa. Utakuta chati imefungiwa ofisini isichafuke, au mtoto ameketishwa nyuma karibu na mlango kwa sababu kiti mwendo hakipiti katikati ya madawati. Usigombe. Sogezeni madawati pamoja, chati itundikwe, na wewe mwenyewe ufundishe kipindi kimoja mwalimu akikutazama.

Wiki ya 5 kaa na wanafunzi wenzake. Wafundishe 3 au 4 kutumia chati ya silabi. Wanajifunza upesi kuliko walimu, na mara nyingi wao ndio huifanya itumike hata saa ya mapumziko. Mfundishe na mzazi, nyumbani kwake, kwa lugha yake.

Wiki ya 10 rudia zoezi lile lile la maswali 10 ya ubao wa macho kwa silabi mpya, ulinganishe na majibu ya mwanzo yaliyoandikwa kwenye daftari la mtoto. Mtoto asiyesogea kabisa, tafuta sababu kwa utaratibu: macho, masikio, dawa za kifafa zinazomlaza, njaa, mahudhurio. Kisha mwone mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Chuo cha Patandi kule Arusha kimetoa wengi, na ofisi ya elimu ya halmashauri inajua waliko. Mpelekee daftari lenye tarehe, silabi ulizouliza na alichojibu mtoto, pamoja na ile ishara yake ya ndiyo, iandike ukurasa wa kwanza kabisa, ili atakayempokea asianze kwa kumuuliza jambo ambalo mama yake alishalijibu.